Dereva apewe neno la mwisho tela linapopakiwa

Ndugu Mhariri,

Tela la kambi likipinduka njiani kuelekea Serengeti, lawama huwa ni ileile: dereva alikuwa anakimbia. Mwendo unachangia, sikatai. Lakini sisi tunaoendesha Land Cruiser za watalii tunajua kwamba mara nyingi balaa huanzia uani, Arusha, usiku wa kuamkia safari, tela linapopakiwa na mtu ambaye hatalivuta.

Mahema na magodoro hutangulia, yanasukumwa mbele. Yanafuata masanduku ya jikoni. Mwisho kabisa, mlangoni, mpishi anapanga mitungi ya gesi na madumu ya maji, maana ndivyo vitakavyotakiwa kwanza kambini. Simlaumu, anawaza chakula cha jioni. Ila madumu kumi ya lita 20 ni kilo 200, zote nyuma ya ekseli. Mkia unazama, pua, yaani ncha ya mbele inayoungwa na gari, inanyanyuka na kuipunguzia gari uzito wa nyuma. Kwenye lami, kutoka Makuyuni mpaka lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, huenda usione kitu. Ukishaanza kuteremka Malanja, ndani ya Ngorongoro, kwenye kokoto, tela linacheza kushoto na kulia, na dereva asiyelizoea anakanyaga breki ghafla. Hapo ndipo linapoisukuma gari na kuigeuza. Anayejua huachia mafuta, anashika usukani ukiwa umenyooka, anasubiri litulie.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Tela la tani moja linatakiwa kulalia puani kama kilo 100. Weka mizani ya kupimia watu chini ya pua, juu ya gogo au tofali ili pua iwe kwenye kimo kilekile cha kuvutwa, usome. Ikigoma kufika huko, maji yahamie mbele.

Tena kuna breki. Matela mengi yanayochomelewa mitaani hayana breki zake. Land Cruiser nyingi zinaruhusiwa kuvuta hadi tani 3.5 tela likiwa na breki, lakini lisipokuwa nazo kikomo kinashuka hadi kilo 750. Sisi tunavuta zaidi ya hapo kila wiki na kumshukuru Mungu tukifika.

Cheni za usalama nazo ni mbili, zinapishana chini ya pua ili ikichomoka ziidake isichimbe barabara. Nimeona mahali pake pamefungwa waya wa nondo.

Ninachoomba kwa wenye kampuni ni kimoja: mpishi apakie, lakini mlango wa tela usifungwe mpaka dereva akague na kuridhika, na akisema mzigo upangwe upya, asiambiwe anachelewesha wageni. Wakimpa na dakika tano za kusimama Karatu akaze nati za magurudumu, aguse vitovu vyake, pale katikati ya gurudumu, kama vimechemka, wageni watapata nafasi ya kununua ndizi.

Dereva wa watalii,
Arusha