Sungura hana shimo, ndege ndo analo

Mhariri, naandika toka Uyole hapa Mbeya. Binti yangu wa darasa la nne kaulizwa kati ya sungura na ndege nani anajificha shimoni, kaandika ndege, kapigwa kosa. Mimi ndo nilimwambia, so kosa ni langu. Sasa nafungua ukurasa wenu wa watoto nakuta picha ileile, sungura kwenye shimo, ndege mtini.

Huyo mchimbaji ni sungura wa bandani, asili yake Hispania na Ureno huko, watoto wake wanazaliwa hawana manyoya na macho yamefumba lazima awafiche. Wa porini kwetu, wataalam wanamwita Lepus victoriae, ni jamii nyingine kabisa hata hawazaliani. Mwezi wa kwanza nikipalilia viazi nilikuta mtoto wake pembeni ya tuta, anaenea kiganjani, manyoya yote anayo, macho wazi ananiangalia, hatikisi hata sikio. Shimo hamna, ni majani yaliyolaliwa tu. Nikakiruka kile kipande jirani akanicheka nimekuwa mvivu.

Alafu panda Kitulo, ule uwanda wa nyasi wa milimani, ukamtafute mbayuwayu wa bluu. Wanamweka kundi la ndege waimbaji, japo kwa kuimba mimi sijamsifia bado, ila kwa rangi jamani, anang'aa kama chuma kipya na dume ana nyuzi mbili ndefu mkiani. Huyu anakuja kuzaliana huku mvua zikianza, anabandika kiota cha tope na nyasi ndani ya shimo la muhanga au pale ardhi ilipotitia, chini ya ardhi kabisa, na vifaranga vinatoka uchi na vipofu. Mvua zikiisha anahamia pande za Ziwa Victoria, Uganda na Kenya.

Kinachoniuma sio maksi. Mtoto akikaririshwa kuwa ndege ni mti, kesho atapanda paini kwenye uwanda wa nyasi akidhani kamsaidia, kumbe kamfukuza. Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa toka 2005 lakini nyasi za nje ya mipaka zinalimwa na kupandwa miti kila mwaka, mashimo yanafukiwa. Sungura yeye atahamia hata kwenye maharage yangu, mbayuwayu aende wapi?

Naomba mrekebishe hiyo picha. Binti kaambiwa afute jibu kagoma, na mimi sijamlazimisha.

Mzazi, Uyole