Kwa wanangu wa kikoba, kuhusu yale ya Jumamosi

Wanangu,

Jumamosi iliyopita, hisa zimeshahesabiwa na sanduku limefungwa, mwenzenu alianza kueleza kwa nini anaogopa kujifungua tena. Alifika kwenye "waliponikeketa", akasita. Papo hapo mmoja wenu akamuuliza walikata kiasi gani. Mwingine akamlaani mama yake. Wa tatu akadakia habari za shangazi yake. Mimi nilikuwa namtazama: aliviringisha pindo la khanga kidoleni, akaliviringua, kisha akaaga kwamba ameacha maharage jikoni. Maharage hayakuwepo, na sote tulijua.

Mama yake namfahamu. Huku kwetu Singida tuliogopa lawalawa. Mtoto anawashwa, analia akikojoa, bibi anasema dawa yake ni kukata. Mama mwenyewe bado binti, atabishana na nani? Kumbe yalikuwa maambukizi, ya kutibiwa zahanati. Ukimlaani mama yule unamuumiza na binti, maana anampenda bado, na sikukuu humpelekea kitenge. Nadhani hicho ndicho alichotaka kukitua pale: hasira na mapenzi kwa mtu yuleyule.

Tena sheria ya mwaka 1998 ilipokataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18, wengine walihamia kwa vichanga, kimyakimya. Kwa hiyo wapo wasiokumbuka lolote, waliojulia leba kwa mkunga. Huyo utamuuliza aliumia vipi?

Nami sijatakata. Mtoto wa dada yangu aliwahi kunifungukia, nikamkata kauli: "Yamepita hayo, mshukuru Mungu una watoto." Hajaligusa tena, na mwaka wa sita huu.

Basi akianza tena, mwacheni aseme. Akinyamaza, endeleeni kuchambua mchicha. Msimkalie kama mko matangani. Mwulizeni tu angependa asaidiweje. Akitaka wa kumsindikiza kliniki awaeleze wakunga mapema, kabla ya siku ya uchungu, nendeni naye. Asipotaka, yabaki palepale chini ya mwembe, hata waume zenu wasiyasikie. Ila akitaja mtoto anayepangiwa kukatwa, hapo hakuna siri: ni dawati la jinsia polisi au ofisi ya ustawi wa jamii, siku hiyohiyo.

Jumamosi hii karanga naleta mimi. Na ile nafasi ya mkekani karibu naye, niachieni.

Bibi yenu