Kabla hujawasha moto shambani, mtazame kinyonga

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wakulima wenzangu wa Dodoma, maana mvua za Desemba zinakaribia na kila mtu anasafisha shamba kwa moto.

Wiki iliyopita, pembeni mwa shamba langu la zabibu hapa Hombolo, nilikuta watoto wamemzunguka kinyonga. Mmoja alikuwa ameshamtia ugoro mdomoni. Kinyonga amekuwa mweusi, ngozi za kisogoni zimesimama kama masikio, mdomo wazi, anafoka. Wakaniambia, "Babu, huyu ana sumu, tena ni mkosi." Maneno hayo wameyapata kwetu sisi wakubwa.

Kinyonga hana sumu. Kule kuvimba na kufoka ni woga. Rangi yake hubadilika kwa hofu, kwa joto na baridi, au akimtaka mwenzake. Jike hushuka mtini, huchimba shimo, hutaga makumi ya mayai, huyafukia na kuondoka, nayo hukaa ardhini miezi mingi. Chakula chake ni panzi na nzi, anaowanasa kwa ulimi mrefu kuliko kiwiliwili chake. Panzi hao hao ndio wanaotafuna mtama wetu!

Hadithi ya kale naijua, inasimuliwa na makabila mengi ya Kibantu: Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu hawatakufa, akajikokota njiani, mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Wajukuu zangu nawasimulia. Lakini huyu wa shambani kwangu kosa lake nini?

Ulaya nako walimzushia salamanda, jamaa ya chura mwenye mkia, ambaye huku kwetu hayupo. Pliny, mwandishi wa Roma ya kale, aliandika kwamba mwili wa salamanda ni wa baridi hata huzima moto. Kumbe hujificha ndani ya magogo yenye unyevu. Kuni zikiwashwa hutoka, watu wakadhani moto ndio kwao.

Kinyonga wetu hana mbio za kutoka. Basi tupekue marundo ya matawi kabla ya kuwasha. Ukimkuta, msogezee kijiti, atakipanda mwenyewe, umpeleke kwenye mti ulio mbali na moto. Wenyeviti wa vijiji wanaotangaza usafishaji wa mashamba waliseme hili mikutanoni, na walimu wawakataze watoto ule mchezo wa ugoro.

Mkulima wa zabibu,
Hombolo, Dodoma