Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Viota

Ndugu Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi,

Karibu sana. Tunakushukuru kwa namna ya pekee kwa kufika mwenyewe bila kutuma mwakilishi.

Klabu hii ilianzishwa na walimu wa Sayansi na Kiswahili ili watoto waandike wanachokiona kwa macho yao. Mafanikio ni makubwa. Wameandika jinsi ndege aitwaye mnana, yule dume, anavyochana majani mabichi na kusuka kiota, na jike akikikataa, dume anakibomoa na kuanza upya. Wameandika kuhusu ndege wengine pia: chozi anayefunga kiota kwa utando wa buibui, na fundichuma ambaye kiota chake cha vijiti huweza kubeba mtu mzima. Insha hizo zilisomwa kwenye kikao cha wazazi zikashangiliwa, na tunathubutu kusema kata nzima haina hazina kama hii.

Mheshimiwa, shida yetu ni uzio.

Viota vingi viko kwenye migunga ya upande wa barabara. Kila masika mnana wanapojenga, ndipo manati na mapanga yanapoingia. Mtoto anaandika Ijumaa kwamba makinda yametoka. Jumatatu anakuta tawi limekatwa kuni na makinda yako chini, yanaliwa na siafu. Darasa la Tano waliacha insha zao katikati, nasi hatukuwalazimisha kuzimaliza.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi mmoja aliyekutangulia alitamka hapa hapa, kwenye kipaza sauti, kwamba uzio ungekamilika kabla ya mvua. Tulipiga makofi. Mafundi wakaja, wakapima, wakapigilia vigingi. Mvua zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena. Barua zetu zikajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Vigingi vimeoza. Hatumlaumu mtu, tunayasema haya ili nawe upime uzito wa neno utakalolitamka leo.

Tunahitaji nguzo 80 na roli 10 za waya, kwa meta 200 za upande wa barabara. Wazazi wamekubali kuchimba mashimo na kubeba mchanga na kokoto. Vyote visipopatikana kwa mara moja, tuanze na migunga iliyo karibu na kisima. Ila tunakuomba sana, kwa heshima zote, utaje tarehe mbele ya watoto hawa, nayo iwe kabla ya masika.

Darubini pia tungeipokea kwa furaha, hata moja. Lakini uzio kwanza.

Tunakutakia safari njema.

Tunaomba kuwasilisha.