Macho mekundu ya bibi wa kiti cha pili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonitahayarisha mwezi uliopita, asubuhi, nikiwa safarini kutoka Shinyanga kwenda Kahama. Ndani ya basi kilibaki kiti kimoja tu, kando ya bibi mwenye macho mekundu sana, na nilielewa upesi kwa nini kilikuwa wazi, kwani huku kwetu wengi huyaona macho mekundu ya kikongwe kuwa dalili ya uchawi; abiria walionitangulia walikitazama, wakamtazama na bibi, kisha wakaamua kusimama. Nami, mtu mzima niliyesoma na kuzaliwa huku huku Usukumani, nilisita. Nilikaa kwa sababu ya uzito wa mzigo niliobeba, si kwa utu, na sitaki kujipamba mbele ya wasomaji.

Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", akaitikia, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Kabla hatujafika Tinde alikuwa amekwisha kunisimulia alivyoolewa akiwa binti mdogo katika mji wenye ng'ombe wengi na miti michache, akapika kwa mavi ya ng'ombe yaliyokauka, mara mbili kwa siku, katika jiko la udongo lisilo na dirisha. Alinionyesha alivyokuwa akiinama, shavu likikaribia jivu, akipuliza mpaka moto ushike. "Moshi ule, mwanangu, hauna adabu," alisema. Baada ya mumewe kufariki, mtoto wa jirani alikufa kwa homa, na tangu siku hiyo bibi huyu hulala mlango ukiwa umeegemezwa kinu kwa ndani.

Wasomaji wa mikoa mingine huenda hawajui kwamba miti ya Shinyanga ilifyekwa kwa miaka mingi, kwanza ili kuangamiza mbung'o na kisha kupanua mashamba ya pamba, hata serikali ikalazimika kuanzisha mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) mwaka 1986 ili kurudisha miti na ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa. Wanawake waliokuwa mekoni katika miaka hiyo ya ukame wa kuni ndio vikongwe wetu wa leo. Moshi umewachoma macho wakitulisha sisi, halafu anatokea mpiga ramli chonganishi anayasoma macho hayo hayo kuwa ni ushahidi wa uchawi, na vijana wanatafuta mapanga.

Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu mwaka 2003, na kila kikongwe anapouawa viongozi hufika msibani kulaani. Mimi naomba jambo dogo zaidi. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Basi kila unapoitishwa, mzee mmoja apewe nusu saa asimulie maisha yake, tangu alipoolewa au kuoa, alichopika, alichozika, na vijana wa bodaboda wawepo wamsikilize. Nitaambiwa mikutano hiyo haijai watu. Ni kweli, kwa sababu tumeizoesha kuwa ya michango tu.

Bibi aliposhuka Isaka nilimteremshia kikapu chake. Niliporudi, kijana aliyekuwa amesimama tangu Shinyanga alikuwa anakifuta kile kiti kwa leso kabla ya kukikalia. Nilimsimulia habari ya moshi mpaka tukafika Kahama.

Msomaji wako,
Kahama, Shinyanga