Wajukuu zangu wa form one, mwalimu mmeshamhukumu kabla hajashika chaki

Marahaba wajukuu zangu. Nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu, nilishaamua kunyamaza, ila mjukuu wangu kaniudhi. Kaingia form one Januari hii, hata mwezi haujaisha ananiambia bibi, ticha wa hesabu ana roho mbaya. Kakufanyaje? Kumbe hata kabla hajamwona, wa form three walishamwambia yule ni nuksi. Nikaomba daftari. Wino mwekundu kila ukurasa, chini kaambiwa arudie swali la 4 mpaka la 9 apeleke ofisini. Daftari la yule ticha mwingine, yule "yuko poa" anayewachekesha, halina hata tiki moja tangu shule zifunguliwe. Sasa hapo nani anakujali?

Haya nimeyaona zamani. 2006, 2007 huko, shule za kata zinaota kila kona, walimu hakuna, vijana waliomaliza form six wakapigwa kozi ya wiki chache wakapelekwa madarasani, watoto wakawabatiza voda fasta, kama ile vocha ya simu ya chapchap. Tulikuwa naye mmoja. Siku hiyo nimekaa nyuma ya darasa, anakokotoa ubaoni, akasimama kidogo, chaki mkononi, anafikiria. Miguno darasa zima, "hajui huyo". Kesho yake nikaingia mimi, nikakwama kwenye hesabu za aina ileile, nikanyamaza vilevile. Kimya! Mmoja akamnong'oneza mwenzie, madam anatafakari. Na yule kijana hesabu zile alikuwa anazijua kuliko mimi. Mwaka uliofuata akaacha kazi, inaniuma mpaka leo kwamba sikuwaambia kitu watoto wale.

Kwenye Kiingereza ndo balaa. Miaka saba mmesoma kwa Kiswahili, ghafla kila kitu Kiingereza, mwalimu akiwaonea huruma akafafanua kwa Kiswahili mnasema lugha haipandi, anayewaporomoshea Kiingereza msichokifuata ndo mnamwita kichwa.

Akikuuliza swali hajakuonea. Akisahau jina lako, mko themanini humo. Anayekutukana au kukupiga ovyo huyo simtetei, mseme nyumbani.

Na sisi wazazi tumechangia, mtoto hajavaa hata yunifomu tunamtisha "utakiona huko sekondari", tukikaa mezani tunasema ualimu kazi ya waliofeli, na yeye anasikiliza.

Jumatatu nimemtuma ofisini na daftari lake, maswali yote sita kayarudia. Karudi jioni ananiambia, bibi, kumbe pembeni ya meza yake kaweka kiti cha mwanafunzi.