Wale si nguva, na picha mliyotoa ni nusu

Mhariri,

Picha iliyoambatana na makala yenu ya sanaa ya Italia mliipa maelezo "nguva wakipigana". Hiyo ni nusu ya kulia ya Vita vya Miungu wa Bahari, chapa (picha iliyochapwa kutoka bamba lililochongwa) ya msanii wa Italia Andrea Mantegna ya robo ya mwisho ya karne ya 15. Nguva kwetu ni mnyama wa baharini, au mwanamke wa hadithi mwenye mkia wa samaki. Hao wanaume wenye mikia ya magamba ni matritoni wa hadithi za Wagiriki na Warumi. Mantegna aliwaiga kutoka majeneza ya mawe ya Kirumi, ndiyo maana wamepangwa kwa safu kama nakshi ya ukutani.

Nusu mliyoiacha ndiyo yenye ufunguo. Kule kushoto amesimama bibi kizee aliyekonda, ameshika kibao chenye herufi INVID, yaani Invidia, Wivu. Nyuma ya vurugu kuna sanamu ya Neptune, mungu wa bahari, imewapa wote mgongo. Bila bibi huyo mtazamaji anaona ugomvi tu, hajui umeanzia wapi. (Wivu haukuwa mgeni kwa wachonga shaba wa Mantua, mji wa Italia alikofanya kazi Mantegna: mwaka 1475 mmoja wao alimwandikia mtawala wa mji akilalamika kwamba Mantegna alituma watu wampige.)

Mwaka 1494 msanii wa Kijerumani Albrecht Dürer aliinakili kwa kalamu nusu hiyohiyo ya kulia. Nakala yake iko katika makumbusho ya Albertina, Vienna. Ukitaka kuzitofautisha, tazama vivuli. Vya Mantegna ni mistari sambamba iliyonyooka ya mshazari. Vya Dürer hujipinda kufuata misuli.

Kosa la pili: mliandika kuwa ilichongwa kwenye ubao. Katika ubao, kinachobaki juu ndicho kinachoshika wino. Hapa ni bamba la shaba, na mambo ni kinyume. Fundi husukuma mbele kijembe cha chuma chenye ncha iliyokatwa mshazari, shaba inang'oka kama uzi, kisha anakwangua kingo zilizoinuka. Wino mzito wa masizi na mafuta ya kitani husuguliwa hadi uingie kwenye mifereji, halafu uso wa bamba hufutwa kwa kitambaa na kiganja. Ukifuta mno, mistari inatoka imekufa. Usipofuta vya kutosha, picha nzima inavaa ukungu. Karatasi lazima iloweshwe, kwani iliyo kavu haizami kwenye mfereji ikaunyonya wino. Ndipo bamba na karatasi hupitishwa kati ya rola mbili, blanketi za sufu zikiwa juu. Mistari myembamba ya vivuli ndiyo hulika kwanza, kwa hiyo chapa ikiwa na miili iliyofifia huku mistari ya kingo zake ikiwa imara, jueni bamba lilikuwa limechoka.

Mabamba yalikuwa mawili, kila moja na karatasi yake. Karatasi mbichi hunywea ikikauka, wala hazinywei sawa, hivyo msishangae mistari ya katikati ikipishana kidogo.

Mkiirudia, wekeni nusu zote mbili sambamba. Kimo ni takriban sm 28 na upana wote takriban sm 83. Kwenye ukurasa wa sm 25 mtapata kimo cha sm 8 na nusu hivi. Skanini kama mistari ya nyeusi na nyeupe, nukta 1,200 kwa inchi, kwa ukubwa itakaochapwa. Mkiifanya picha ya kijivu, nukta ndogo ambazo mtambo hutumia kuchapa kijivu zitagongana na vivuli vya Mantegna na kuzaa mawimbi ambayo bahari yake haina. Kabla ya kuipeleka mtamboni, someni kibao cha bibi kizee. Mchongaji alizikata herufi kinyume kwenye shaba ili karatasini zisomeke sawa; zikisomeka kinyume gazetini, mmeigeuza ninyi.

Msomaji wenu,
Mchapaji wa chapa za shaba